Kuhe wa Mtumbwi Mtupu

Wiki niliyokabidhi funguo za maabara, vijana waliniandalia soda, keki na hotuba tatu. Hotuba zote tatu zilisema kwamba mimi ndiye mtafiti niliyenukuliwa kuliko wote waliowahi kufanya kazi katika kituo chetu hapa Kigoma. Ni kweli. Ila hakuna aliyesema nilinukuliwa kwa lipi, na wale wanaolijua walikuwa wameinamia keki. Nimeandika kurasa hizi kwa ajili yenu mliobaki, ili jambo hili lisiwe la kunong'onezwa wakati wa chai. Habari za vyeo na mishahara nimeziruka; mwenye hamu nazo, ofisi ya utumishi anaijua.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Nyumbani tulikula samaki karibu kila siku, na hakuna aliyewahi kujiuliza samaki yule alikuwa mtoto wa nani. Kazi yangu yote imekuwa kuuliza hilo: samaki wa Ziwa Tanganyika wana undugu gani wao kwa wao, na tunalijua kwa kusoma vinasaba vilivyomo katika kipande cha pezi kisichozidi ukucha. Bibi yangu nilipomweleza aliniuliza kama serikali inajua.

Siku ya kwanza nilifika na shahada yangu ya Dar es Salaam na koti jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, jokofu la mafuta ya taa na dirisha linalotazama ziwa. Ndani nilimkuta Mzee Gwimo, fundi wa maabara, Muha wa Simbo aliyeanza kazi kituoni kwa kuosha chupa. Nikamwamkia. Akaitikia, akalitazama koti langu kuanzia kola hadi pindo, akanipa ndoo.

"Maji yamekatika," alisema. "Bomba la kule chini linatoa."

Nilichota ndoo nne siku ile, na hasira sikuificha. Kesho yake ndipo aliponikalisha mbele ya pipeti, kile kifaa cha kuvutia matone, na glasi ya maji aliyoyatia rangi ya keki. Kwa wiki mbili kazi yangu ikawa kuvuta maji na kuyatoa, kuvuta na kutoa, mpaka matone yote yalingane. Nilipobana sana alinigonga kidole kwa penseli.

"Taratibu, Mwamini. Huchinji kuku."

Penseli yenyewe ilikuwa somo jingine. Mwezi wangu wa kwanza niliandika majina ya sampuli kwa kalamu ya wino, nikatumbukiza karatasi zake ndani ya vichupa vya spirit kama nilivyoelekezwa. Spirit ikala wino wote. Nilibaki na vipande sitini vya mapezi ambavyo hakuna aliyejua vimetoka wapi. Nilijua atanigombeza, na hakunigombeza. Alivichukua vichupa vile akavimwaga mbele ya macho yangu, kimoja kimoja, sitini vyote, halafu akanipa penseli mpya.

"Samaki asiyejulikana alikotoka ni kitoweo," alisema. "Akishakuwa kitoweo, si kazi yetu."

Alinipa pia daftari gumu lenye jalada jeusi, na kanuni moja tu ya kulitumia. Niandike ninachokielewa, halafu niandike na nisichokielewa. Alisema ninachokielewa nitakikumbuka hata bila daftari. Wakati ule niliona ni maneno ya mtu aliyekosa shule, na leo naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Safari yangu ya kwanza ya kukusanya sampuli ilikuwa Ilagala, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Tulifika asubuhi, mitumbwi ikiwa inarudi mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki. Tulikuwa tunawatafuta kuhe, wale samaki wakubwa wa manjano ambao dume na jike hukaa pamoja kulinda watoto wao mpaka wapate nguvu. Utaratibu ni rahisi. Unamsubiri nahodha ashuke, unamwuliza alikovua, unamwomba ukate kipande cha pezi la mkia, unakitia kwenye kichupa, unaandika kwa penseli. Samaki anabaki wa mwenyewe na bei yake haipungui.

Nahodha wa kwanza niliyemkabili aliitwa Kasimu. Alikuwa amenizidi miaka michache, kifua wazi, kofia ya kufuma kichwani.

"Mwakeye," nilimwambia, kwa Kiha changu cha Ujiji.

Akacheka. "Twakeye. Wewe ndiye daktari? Mie nina kikohozi hiki, mwezi wa pili sasa."

"Mimi ni daktari wa samaki, kaka. Nasoma mapezi tu."

"Ah, bwana! Basi kata pezi, mie niendelee kukohoa."

Kuanzia siku ile mwalo mzima uliniita Daktari wa Mapezi, na nimetibu vikohozi vingi pale Ilagala kwa ushauri wa maji moto na ndimu.

Asubuhi ile ile niliona jambo. Mtumbwi mmoja ulirudi mtupu kabisa, hata dagaa wa dawa haukuwa nao. Kabla haujavutwa mchangani, mvuvi wa mtumbwi mwingine alipita kando yake, akaangusha kuhe mmoja ndani, akaendelea na safari yake bila kugeuza shingo. Mwenye mtumbwi hakushukuru. Alivuta mtumbwi, akamtoa yule kuhe, akamweka kwenye beseni mbele ya wachuuzi. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa ananunua samaki wa kukausha, naye akanijibu kwamba mtumbwi haupandishwi mchangani mtupu, ndiyo desturi, nitazoea. Nikaandika mistari miwili chini ya ukurasa, nikafunua ukurasa mwingine. Kulikuwa na mapezi ya kukata.

Miaka hiyo hatukuwa na mashine yoyote ya maana. Nilibeba sampuli mimi mwenyewe kwa treni hadi Dar es Salaam, nazo zikapelekwa ng'ambo kusomwa. Nilivifunga vichupa kwa pamba nikavitia ndani ya chupa ya chai ili visivunjike. Mama mmoja wa Tabora niliyekaa naye kiti kimoja alivumilia hadi Dodoma, kisha akaninong'oneza kwamba si ungwana kunywa chai peke yangu. Nilimfungulia akaona. Alihamia behewa jingine.

Baadaye mashine ya kuzidisha vinasaba ililetwa kwetu. Kazi yake ni kupasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, mpaka kile kidogo kilichotoka kwenye pezi kiwe kingi cha kutosha kusomeka. Umeme ukikatika katikati, umepoteza kila kitu. Mzee Gwimo alikuwa akiisikiliza sauti ya jenereta la kituo akiwa amekaa hapo kwenye stuli, na mara nyingi alisema "usianze" dakika kumi kabla halijazimika. Sijawahi kujua alikuwa anasikia nini. Nililiandika hilo nalo katika vile nisivyovielewa.

Swali langu kubwa lilikuwa la mlango wa Malagarasi. Mto ule unamwaga tope na mchanga mwingi, na kuhe anapenda maji maangavu na mawe. Je, kuhe wa kaskazini, upande wa Ujiji, wanavuka kwenda kuonana na wale wa kusini, upande wa Sunuka? Wakivuka, ni ukoo mmoja. Wasipovuka, ni koo mbili zilizotenganishwa na tope, na moja ikivuliwa ikaisha, nyingine haiwezi kuja kuziba pengo. Kwa misimu miwili tulikaa Ilagala, kwa kuwa mitumbwi ya mwalo ule huenda pande zote mbili. Tulipata mapezi mengi sana. Majibu yalipotoka, karibu samaki wote walionyesha koo mbili, lakini katika mitumbwi iliyovua kaskazini walikuwamo kuhe wenye vinasaba vya kusini, na katika iliyovua kusini walikuwamo wa kaskazini. Maana yake wanavuka. Nilipiga kelele peke yangu maabara mpaka mlinzi akaja.

Makala ikatoka katika jarida kubwa la ng'ambo. Kwa wale ambao hawajaingia katika mambo haya: kila mtafiti anapoandika, anataja kazi za wenzake alizoegemea, na siku hizi kompyuta inahesabu umetajwa mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo heshima yako. Makala yangu ilitajwa na watu wa maziwa ambayo sijawahi kuyaona, watu wa mito, hata watu wa konokono. Ilikuwa mfano wa kupendeza wa samaki kushinda kizuizi. Nilialikwa huku na huko. Mkuu wa kituo wa wakati ule aliutia ukurasa wa kwanza kwenye fremu ya kioo, akautundika mapokezi, na kila mgeni alisimamishwa pale kabla hajapewa kiti. Nilijifanya naona aibu, na nilikuwa napita pale hata wakati sina haja ya kupita.

Mzee Gwimo alikuwa amestaafu, analima maharage kwao Simbo. Siku moja alikuja mjini kufuatilia pensheni, akapita kuiona fremu. Aliisoma polepole, kidole juu ya kioo.

"Hawa samaki," aliniuliza, "mlikwenda nao wavuvi, au mliwasubiri mwaloni?"

"Tuliwasubiri mwaloni, mzee. Tuliwauliza."

"Haya," alisema. Akaomba maji ya kunywa. Hatukuonana tena, alifariki mwaka uliofuata, na nilikuwa safarini, nikizungumzia makala yangu mbele ya watu waliovaa tai.

Nisisahau jambo moja hapa. Baada ya makala, niliitwa Ilagala kuzungumza na wavuvi. Walikuwa na mazoea yao ya zamani: kuhe wanapolinda watoto, mazalio ya upande wa kusini hayaguswi. Mtu mmoja akasimama akauliza kama bado kuna haja hiyo. Nilijibu, kwa kinywa changu, kwamba kuhe wa kaskazini wanavuka, na wa kusini wakipungua hao watajaza. Walinipigia makofi. Nilirudi Kigoma na mkungu wa ndizi.

Miaka ikapita, nami nikawa mtu mzima wa maabara, yule anayeulizwa funguo ziko wapi. Ndipo akaja Yusta Bukuru. Ni binti wa Buzebazeba, mkimya, mwenye mkono mwepesi kwenye pipeti kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Nikawa msimamizi wake wa shahada ya uzamivu. Nilimpa kazi ya kurudia swali langu kwa mashine mpya, nikiamini atapata jibu lile lile, ila kwa picha nzuri zaidi. Yeye akaniomba kitu kimoja: hatasubiri mwaloni, atapanda mitumbwi na kukata pezi pale pale samaki anapotolewa kwenye ndoano. Nikamwambia atatapika. Alitapika, akaendelea kupanda.

Asubuhi moja, miaka miwili kabla sijastaafu, aliingia ofisini kwangu na faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekaa ukingoni mwa kiti? Kina kunguni?"

"Mama, nimerudia mara tatu. Nilidhani nimechafua vichupa, nikabadilisha dawa zote. Nimerudia tena."

"Umepata nini?"

Alilisukuma faili mezani. "Hawavuki. Hata mmoja."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimpongeza. Nilimwambia mashine haikupimwa vizuri. Nikamwambia sampuli zake ni chache. Nikamwambia, kwa sauti ambayo nikiikumbuka naona aibu, kwamba watafiti wa dunia nzima wameikubali kazi ile na yeye bado hajamaliza shule. Yusta hakubisha. Alisema "sawa, mama," akasimama, akaliacha faili. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekaa na majibu yale wiki mbili akiogopa kuniletea.

Kwa siku kadhaa nilimchukia binti yule. Nasema chuki, sipunguzi. Usiku na mchana nilikuwa napiga hesabu moja: imebaki miaka miwili. Nikimwambia asubiri, akusanye zaidi, afanye msimu mwingine, mimi nitakuwa nimeondoka na keki yangu, na atakayeteremsha fremu ni mwingine. Na nilimwambia. "Liweke kwanza," nilisema, "tuone msimu ujao." Msimu ukaja ukapita. Jina langu likaendelea kutajwa, na Yusta akaendelea kuja saa moja na nusu asubuhi, kufanya kazi ambayo hawezi kuimaliza kwa sababu yangu.

Kilichonikamata ni daftari. Nilikuwa natafuta orodha za sampuli za zamani, nikiwa bado na tumaini la kumkuta Yusta na kosa. Nikashusha boksi zima, na daftari la chini kabisa lilikuwa lile jeusi la mwaka wangu wa kwanza. Lilifunguka kwenye safari ya Ilagala. Chini ya ukurasa, kwa penseli, kwa mwandiko wangu wa wakati ule uliojaa madoido, iliandikwa: "Mtumbwi uliokosa huwekewa samaki na wenzake. Hawasemi. Kwa nini?"

Nilikaa chini sakafuni, na magoti yangu si ya kukaa sakafuni. Kisha nikaamka nikachukua orodha za makala. Kila mtumbwi tulikuwa tumeandika idadi ya kuhe waliokuwamo. Nikawatafuta wale samaki waliovuka, wale walionipatia jina, mmoja mmoja. Kila mmoja alitoka katika mtumbwi uliokuwa na kuhe mmoja tu siku hiyo. Hapakuwa na hata mmoja aliyetoka katika mtumbwi wenye wawili. Mitumbwi ya kusini ilikuwa imeitupia ya kaskazini kitoweo, na ya kaskazini imeitupia ya kusini, nami nikasimama pale na mkasi wangu nikasema samaki wameogelea.

Nilimwita Yusta nikamwonyesha. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Mama, lazima tumuulize mtu." Na hapo alikuwa mwalimu wangu.

Tukaenda Ilagala. Kasimu alikuwa mzee sasa, anakaa kwenye kibanda cha kamati ya mwalo, kofia ya kufuma ile ile au ndugu yake. Baada ya salamu na habari za kikohozi nilimfungulia orodha. Jina lake lilikuwamo, na tarehe, na kuhe mmoja.

"Nahodha, siku hii ulivua kaskazini?"

"Kama nilisema kaskazini, ni kaskazini. Sikukudanganya mie."

"Na huyu kuhe, alikuwa wako?"

"Wangu."

"Hukuwekewa?"

"Wangu," alisema, akatazama ziwa.

Nilimweleza yote. Nilimwambia jina langu liko hatarini, na shahada ya binti huyu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yule samaki ni wake. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Yusta ndiye aliyenigusa mkono, akauliza kwa Kiha, polepole, jambo ambalo sikulielewa lote. Kasimu akamgeukia, uso ukalegea.

"Huyu anajua kuuliza," aliniambia. "Sikiliza, daktari. Mtu hawezi kusema kapewa. Ukisema, mkosi unarudi kwenye mtumbwi, na aliyekupa unamwambukiza. Hata ukinipeleka polisi, samaki ni wangu. Ila niulize msimu ule mitumbwi ilikuwa inakosa? Hapo nitakujibu."

"Ilikuwa inakosa?"

"Yoo! Upepo gani ule! Kila asubuhi miwili, mitatu, mitupu kabisa. Na hakuna uliopandishwa mtupu."

Nikaandika. Kisha yeye akaniuliza lake.

"Kwa hiyo wa kaskazini hawaji?"

"Hawaji, nahodha."

"Ulisema watakuja. Kwenye mkutano. Tukaacha kukwepa mazalio, sababu daktari kasema." Hakupandisha sauti. "Mwaka wa ngapi huu kule kusini tunapata vijikuhe vya kiganja? Tukasema labda wamechelewa njiani."

Tukarudi Kigoma. Yusta aliendesha. Nilipofika nyumbani niliandika barua kwa jarida, na nilipoimaliza niliona nimeandika kama wakili, maneno mengi ya kujikinga. Nikaichana nikaandika nyingine fupi: samaki niliosema wamevuka hawakuvuka, walibebwa, nami nilipewa habari hiyo siku yangu ya kwanza mwaloni nikaiandika nisiisome. Naomba makala iondolewe. Mwenzangu wa ng'ambo tuliyeandika naye aliuliza kama kuna ulazima, kwa kuwa sote tunakaribia kustaafu. Nikamjibu kwamba kuhe hawastaafu.

Makala iliondolewa. Yusta alichapisha yake, na sasa ninyi mnamwita Dokta. Fremu niliomba isishushwe. Nilibandika taarifa ya kuiondoa juu ya kioo, kwa gundi, na mpaka leo wageni wanaisoma kwanza hiyo. Kuhusu kunukuliwa, mtashangaa: makala iliyoondolewa bado inatajwa. Watu wananakili marejeo kutoka kwa wenzao bila kufungua. Taarifa ya kuiondoa inatajwa mara chache sana. Kila Jumatatu, mimi mstaafu, nakaa na kikombe changu cha chai na kuwaandikia wale wapya, mmoja mmoja, kwa adabu. Wengine hujibu. Kazi hiyo sina wa kumwachia, na simwachii Yusta.

Imebaki siku moja ya kusimulia. Mwezi wangu wa mwisho kazini niliomba mkutano Ilagala, mwaloni, asubuhi, wakati watu wapo. Yusta alinipeleka. Nilisimama mahali pale pale nilipopigiwa makofi, nikasema: nilikosea. Kuhe wa kusini hawana wa kuwajazia. Mazoea yenu ya kuacha mazalio yalikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeyavunja, na sikuwauliza nyinyi mlijuaje. Mtu mmoja nyuma alisema, "Sasa unatuambia, ukishakula ndizi zetu!" Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mama mmoja aliniuliza ni nani atamlipa kwa miaka ile. Nikamwambia sijui. Kasimu alitazama ziwa. Walijadiliana wenyewe kwa Kiha, wakakubaliana mazalio yafungwe tena kuanzia msimu ule. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wakatawanyika kwenda kwenye samaki wao, nami nikatembea kuelekea gari, nikiwa nimeshika kikapu changu ambacho asubuhi nilikuja nacho na daftari tu ndani yake.

Nilipita katikati ya wavuvi wengi. Nilitazama mbele.

Kwenye gari Yusta alichukua kikapu aniwekee nyuma, akashtuka kwa uzito wake. Akafungua. Juu ya daftari alikuwamo kuhe, mkubwa, wa manjano, bado ana maji. Kwa mazoea akashika penseli iliyokuwa sikioni mwake, na mkono mwingine ukaingia mfukoni kutafuta kichupa.

"Mama, huyu katoka wapi?"

"Wangu," nilimwambia.

Alinitazama. Kisha akairudisha penseli sikioni, akawasha gari. Jioni hiyo tulimpika kwangu Ujiji kwa mawese, tukamla wote, mpaka kichwa.